Njiwa wa Chumba cha Tatu

Tarehe 9 Juni

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo. Mimi mwili ni mzima. Hayo mengine, tangu tumzike baba, usiniulize.

Bado nafagia na kulinda makumbusho ya visiwa vyetu. Chumba cha kwanza ni mitumbwi, cha pili mikeka na ngoma, cha tatu wanyama. Humo ndimo alimo njiwa wa kilimani, amejazwa pamba, jicho moja limelegea. Ukibonyeza kitufe unamsikia baba akipiga mluzi, na njiwa akimjibu. Unakumbuka alivyotufundisha: mti haukatwi kabla ya kuuita kwa mluzi, njiwa akiitika, ana kiota, unauacha. Wewe ulimwambia kwamba kwa mwendo huo tutakosa kuni, tupikie maneno, akacheka hadi shoka likamtoka mkononi.

Tangu sauti ile iwekwe, watafiti wanakuja kumtafuta njiwa, maana hajaonekana kwa miaka ishirini. Wiki iliyopita waliongozwa na Miwani, yule askari wa misitu aliyeshika jeneza la baba upande wa mbele. Mtafiti mmoja aliipiga sauti yetu, aliyoinasa kwa simu pale makumbusho, ng'ambo ya korongo ili kumvuta ndege. Miwani akadhani ndiye njiwa mwenyewe, akasogea ukingoni, akateleza, akaanguka. Tumemzika Ijumaa. Mkewe aliniuliza kama walau ndege alionekana. 

Dada, hakuna ndege. Mkuu wa makumbusho aliponituma kurekodi, nilimpeleka baba msituni asubuhi tatu, aliita, hakujibiwa. Siku ya nne hakuweza kuinuka. Akaniambia niwashe kinasa sauti hapo hapo kitandani, kwamba njiwa akiwa na udhuru, yeye atamshikia zamu. Akaita, kisha akageukia ukutani akajiitikia. Tulicheka. Kibao kinachosema ni njiwa nilikiandika mimi. Mwishoni mwa sauti kuna kikohozi kidogo. Wageni hudhani ni mbawa.

Kila asubuhi kabla ya kuwafungulia wageni hubonyeza kitufe mara moja. Kesho nitabonyeza, kisha nitakwenda kwa mkuu nimwambie, na sauti itafutwa. Nakala sikujiwekea, na baada ya swali la mjane yule sitathubutu kuiomba, kwa mkuu wala kwa mtafiti.

Nisalimie shemeji. Watoto wafundishe ule mluzi, kama bado unao. Na ukimkumbuka baba, nikumbuke na mimi.

Mdogo wako,
Kitindamimba