Hisa Hamsini za Kushikiwa

Jumanne, Eldoret. Baridi ya mwezi wa saba, ile ya kufanya chai ipoe kabla hujaketi vizuri. Jua limetoka mara moja tu leo, likaona mambo yetu, likarudi.

Nimeudhika. Hapana, niandike ukweli: nimechefuka. Tangu saa nne asubuhi nina ladha mdomoni ya maziwa yaliyoachwa juani, na maziwa mimi nayajua.

Kwa mgeni anayepita kwenye blogu hii, mimi ni karani. Nilikuja Eldoret kutoka upande wa Kakamega nikiwa na cheti cha kupiga taipu na viatu jozi moja, nikaajiriwa na kampuni ndogo ya kupoza maziwa na kutengeneza yoghati kwenye barabara ya Kaptagat. Wenyewe walikuwa wawili. Bwana Tarus alitoa shamba, na alijua wafugaji wote mpaka kule msituni. Mwenzake, ambaye sote tulimwita Baba Njeri, alileta mitambo na mikono ya kuitengeneza ikigoma. Hisa zilikuwa mia moja, hamsini kwa hamsini. Saa saba walikula ugali kwenye sinia moja, wakichekana nani anamega tonge kubwa.

Halafu ikaja Januari ya 2008, ile ya vita vya baada ya uchaguzi, ambayo hapa kwetu watu hawapendi kuitaja jina. Tunasema "ile wakati" na kila mtu anaangalia viatu vyake. Baba Njeri alikuwa mtu wa kuja, kama mimi. Tofauti ni kwamba watu wangu waliachwa na watu wake wakachomewa.

Sasa nisikilize ya leo.

Kuna wawekezaji kutoka Ulaya wanaotaka kununua hisa sabini za kampuni. Wamekuja mara tatu, wamepiga picha na ng'ombe, wamekunywa mursik, maziwa yetu makali ya kibuyu, na kusema ni tamu huku machozi yakiwatoka. Bwana Tarus anauza. Ila sheria inasema ukiuza hisa zako kwa faida, serikali inataka fungu lake kwenye faida hiyo. Unachukua bei unayouzia, unatoa bei uliyonunulia, kinachobaki kinatozwa kodi. Mpaka ilipwe, uhamisho hausajiliwi, na wageni hawatoi hata senti moja. Mimi mwenye cheti cha taipu nalielewa hilo.

Shida ni bei ya kununulia.

Zile hamsini zake za kwanza Bwana Tarus ana karatasi zake, safi. Zile hamsini nyingine zilitoka kwa Baba Njeri, kwa fomu ya Januari ile. Bwana Tarus aliniambia nafasi ya bei niiache wazi. Mimi na ujuaji wangu wa ukarani sipendi nafasi wazi kwenye fomu. Nikataipu: kama walivyokubaliana. Wakati ule kodi ya namna hii ilikuwa imelazwa, haikuwa inatozwa, kwa hiyo hakuna aliyejali. Ikapigwa muhuri, ikaingia kwenye faili.

Juzi wakili wa wageni, mwanamke mmoja mpole wa Nairobi, ameandika barua pepe ya mstari mmoja. Walikubaliana nini?

Miaka yote hii hakuna aliyeuliza. Kanisa halikuuliza. Chifu hakuuliza. Wale wa tume ya kuchunguza vita, waliokuja na madaftari makubwa, hawakufika kwetu. Mimi mwenyewe niliyetaipu sikuuliza. Imebidi kodi ndiyo iulize.

Basi leo saa nne nikaitwa kwa mhasibu wa Bwana Tarus, ana ofisi ghorofani hapo mjini. Chai ilikuwa tayari, na mandazi, na mimi siku zote sijawahi kupewa mandazi katika ofisi ile. Ningepaswa kujua hapo hapo.

"Mama Sharon, hii kitu ni fomaliti tu," mhasibu akaniambia. "Mzee alinunua hizo shares, lakini risiti zilipotea ile wakati. Ukikosa kuonyesha bei, kodi itapigwa kwa bei yote ya hizo, si faida tu. So tunahitaji afidaviti ya mtu mwenye alikuwa hapo."

Aliyekuwa hapo ni mimi.

Nikaisoma hati. Kwa kiapo, mimi nimeshuhudia Baba Njeri akilipwa pesa taslimu, mkononi, kwenye bahasha, katika kambi ya wakimbizi ya showground, pale uwanja wa maonyesho. Na kiasi kimetajwa. Ni mamilioni. Mwenye mamilioni kwenye bahasha anapangaje foleni ya uji na kikombe cha plastiki? Waliotunga uongo huu hawakuuonea haya hata kidogo, wala hawakujisumbua kuupiga pasi.

Bwana Tarus alikuwa ameketi dirishani na kofia yake magotini. Amezeeka. Akasema kwa sauti ya chini, "Wewe sign tu, Mama Sharon. Hata wewe kuna kitu yako hapo."

Nikasema naenda kuisoma nyumbani. Mandazi sikuyagusa.

Ni kweli kuna kitu yangu. Niseme, kwa sababu sitaki kujifanya malaika kwenye blogu yangu mwenyewe. Mwaka uliofuata ile wakati, Bwana Tarus alinipa hisa tano. Alisema ni kwa uaminifu. Zilitoka kwenye zile hamsini. Nilishukuru, nikapika chapati, nikawaita majirani. Wageni wakinunua, zangu pia zinauzwa, na tayari nimekwenda kuangalia ploti upande wa Chepkoilel, nimeingia na mwenye ploti, nimepima kwa miguu mahali pa jikoni.

Sasa niandike sehemu ambayo sijawahi kumwandikia mtu.

Nyumba ya Baba Njeri ilipochomwa, Bwana Tarus alimtoa usiku huo huo ndani ya lori la maziwa, amelala katikati ya madebe, akampeleka showground. Watoto wawili wa Baba Njeri walikuwa kwa shangazi yao upande mwingine wa mji. Bwana Tarus aliwafuata mwenyewe, akawaficha kwake Kaptagat siku tisa, akiwaambia majirani ni wapwa wa mkewe. Hilo alilifanya. Angeweza kuuawa kwa ajili yake. Mpaka leo pasta wetu akihubiri "akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki," anamtazama Bwana Tarus na kanisa zima linageuka.

Siku ya nane akanituma showground na fomu. Mimi sura yangu na lugha yangu vilinipitisha kwenye vizuizi vya barabarani. Aliniambia, "Mwambie ni ya kumshikia tu. Benki inataka mtu mmoja wa kusign mpaka mambo itulie."

Lazima uelewe neno hilo. Ile wakati Eldoret nzima ilikuwa inashikiana vitu. Nishikie ng'ombe. Nishikie duka, nishikie mabati, nishikie funguo. Mtu alikimbia akijua kuna jirani anamshikia, na akalala kidogo kwa sababu hiyo. Vingine vilirudishwa, na waliorudisha wapo, tunawajua, Mungu awabariki. Vingine vilishikwa mpaka vikawa vya mshikaji.

Nilimkuta Baba Njeri nyuma ya hema, amevaa gumboots za mtu mwingine na koti la mwanamke. Miwani yake iliungua na nyumba. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, herufi ndogo, na kichwani imeandikwa wazi kwamba ni uhamisho wa hisa. Akanirudishia mkononi. Akasema, "Nisomee."

Nikamsomea jina lake, na jina la kampuni. Halafu nikasema, "Ni ya kukushikia, Baba Njeri."

Akaweka sahihi juu ya mgongo wangu, maana meza haikuwepo. Nilihisi kalamu.

Nilijua? Nimejiuliza swali hilo nikiosha vyombo, nikiwa kanisani, nikingojea matokeo ya mtihani wa Sharon. Kiingereza nakijua. Fomu niliitaipu mwenyewe. Basi jibu ni hilo, na siku zote nimelizunguka.

Leo mchana nikampigia. Anaishi Nyahururu, anatengeneza pampu na mashine za kukamulia. Namba ninayo kwa sababu kila Krismasi ananitumia salamu fupi, nami namjibu Amina, basi. Nilikaa kwenye ngazi za benki. Nilimweleza yote, kodi, wageni, hati, bahasha. Nikamwambia pia kwamba nilimdanganya pale nyuma ya hema. Nilikuwa nalia, na watu wa boda boda wakaacha kuniita.

Akaniacha nimalize. Halafu akasema, "Mama Sharon, mimi sikuwa naona, lakini nilikuwa nasikia. Karatasi kubwa hivyo haisomwi kwa pumzi moja."

Kumbe alijua. Alijua hata kabla sijamaliza.

Nikamuuliza kwa nini basi aliweka sahihi.

"Watoto walikuwa kwake, na karatasi ilikuwa kwako," akasema. "Hata ungeniletea karatasi ya jeneza yangu, ningesign."

Nikauliza kama Bwana Tarus alimtisha. Akasema hapana, hata siku moja. Hakuitisha kitu. "Labda angewaleta tu, hata ningekataa. Mimi nitajuaje? Wewe ungejaribu kujua?"

Watoto waliletwa showground kesho yake asubuhi, siku ya tisa. Nilikuwepo, nilimwona akiwashika vichwa kama anayehesabu. Mimi niliamini ni barabara ilikuwa imefunguka.

Sijui nimchukie Bwana Tarus kiasi gani. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi, kwamba siwezi hata kumchukia sawasawa. Alihatarisha roho yake kwa watoto wa mwenzake, kisha akajilipa. Au hakujilipa, alitaka tu kushika, na mkono ukazoea. Nikimfikiria siku nane za kwanza namheshimu. Nikifikiria fomu, namgeuzia uso. Na aliyebeba fomu ni mimi, halafu nikalipwa hisa tano, nikapika chapati.

Baba Njeri hakuomba kurudishiwa kitu. Alisema Njeri sasa ni nesi na mdogo wake anafundisha, na Mungu ni mwema. Nilidhani amemaliza. Kumbe bado, na sauti yake ikabadilika kwa mara ya kwanza.

"Lakini usiandike ati nililipwa. Hiyo hapana. Nimekaa bila hiyo pesa, sasa mnataka nikae kama mtu mwenye alikula? Watu wa kodi wakinijia hapa waniulize nilipeleka wapi, nitawaonyesha nini? Gumboots?"

Akacheka. Mimi sikuweza.

Hilo ndilo lililobaki kwake, usiniulize vipi limebaki: kwamba kila mtu anayejua anajua hakuuza. Na hati ile ingemnyang'anya hata hilo, kwa muhuri, ili mtu mwingine apunguziwe kodi.

Saa tisa Bwana Tarus amepiga simu mara mbili. Nimeiangalia ikilia mezani. Mara ya tatu mhasibu akatuma ujumbe, kwamba wakili wa wageni anafika kesho saa tatu asubuhi na wanahitaji "ile kitu". Sharon naye amepiga, anauliza kama ile ploti bado ipo. Nimemwambia akae bila kuitegemea. Ameuliza kuna nini. Nimesema nitamweleza uso kwa uso, kwa sababu mambo mengine mtu hawezi kumwambia mtoto wake kwa simu, na hili hata uso kwa uso sijui nitaanzia wapi.

Najua kitakachofuata. Wageni watasikia kwamba nusu ya kampuni ina mwenyewe mwingine na watafunga mikoba. Wafugaji watauliza nani ameharibu soko. Kazi sitakuwa nayo, na kanisani nitapata benchi zima peke yangu. Nimewaza pia kukaa kimya tu, nisiape ya uongo wala ya kweli, niache wahangaike na kodi yao. Nimeliwaza wazo hilo muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Lakini nikikaa kimya watamtafuta mwingine wa kuapa, na Eldoret hii hawatamkosa.

Kwa hiyo hati ya mhasibu nimeirudisha ndani ya bahasha, bila sahihi. Nimeandika yangu, kwa Kiswahili, kwa mkono, kurasa mbili, na kesho nitamkabidhi yule mwanamke wa Nairobi mwenyewe, Bwana Tarus akiwa ameketi hapo hapo. Pale panapotakiwa bei nimeandika siku tisa na watoto wawili, halafu nimeeleza. Pa kuanzia palinishinda kwa saa nzima. Nimejaribu kuanza na vita, nikafuta. Nimejaribu kuanza na Bwana Tarus, nikafuta.

Sasa inaanza hivi: Mimi ndiye niliyemsomea, na sikumsomea yote.