Tisa Waliojaa

Jumatatu, 3 Novemba 1958

Cucu ameanza picha kubwa ya wachumaji kahawa. Tunamwita Cucu, yaani bibi kizee, huyu mama yake bwana injinia, aliyetoka Amerika kumtembelea mwanawe hapa Ruiru na kula mapishi yangu. Kwao alikamua ng'ombe miaka arobaini. Akiwa na sabini na mbili alibakiwa na rangi ya mlango wa zizi, akachora ng'ombe palepale mlangoni. Hajaacha tangu siku hiyo, na sasa ana sabini na tisa! Mimi nina hamsini na nne na nimeshachoka kumenya viazi.

Jumatano, 5 Novemba

Mvua. Cucu hakutoka. Akaniuliza wachumaji wa kule mtoni ni wangapi. Nikajibu, tisa waliojaa. Kwetu watu hawahesabiwi kumi, ni mkosi — tisa waliojaa ndiyo kumi yenyewe. Akaandika 9. Nilimwona, sikumsahihisha, nikaenda kuepua maharagwe.

Ijumaa, 7 Novemba

Picha imekwisha. Wachumaji wakaja kujitazama. Syombua alijijua kwa miguu, Wilkister kwa leso. Vicheko tele. Mke wangu Nyawira, naye mchumaji, akatafuta, akatafuta. Hayumo. Akaniambia taratibu, "Baba Mumbi, kumbe mimi ndiyo ile kujaa." Jioni nimepewa ugali mtupu. Nimestahili.

Jumamosi, 8 Novemba

Gari la kupeleka picha kwenye maonyesho Nairobi linakuja saa sita. Asubuhi nimekiri kwa Cucu. Amecheka mpaka miwani ikaanguka. Nikamwomba amwongeze Nyawira. Akanionyesha vidole — baridi imevikaza, havikunjiki. Akanitia brashi mkononi. "Wewe chora. Bibi yako, si yangu." Nikasema nimezeeka. "Mimi anza sabini na mbili. Wewe bado toto."

Kando ya Syombua pana nafasi. Nimechora kitambaa chekundu cha kichwa. Kimetoka kama nyanya, lakini ni chake. Halafu nikakwama. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na sijui Nyawira kikapu hukifunga upande gani wa kiuno! Nimeona aibu kweli. Nikatoka mbio mpaka mtoni alikokuwa akichuma.

"Unaniangalia nini?"

Nikamwambia ageuke. Akageuka polepole. Kushoto. Na akitaka kucheka huanza na upande mmoja wa mdomo. Sikuwahi kuona.

Kikapu tayari. Mikono tayari. Honi inalia getini. Cucu amemkalisha dereva kwa chai, anamjazia kikombe cha tatu. Nimekaa chini dakika moja kuandika haya. Rangi nyekundu imefika mpaka kwenye ukurasa huu. Bado uso.