Sindano Siyo Fimbo ya Kuchungia Watoto

Kijijini, nje ya Ifakara
Msimu wa kuvuna mpunga

Dada Minza,

Shikamoo. Naiweka hapa juu mapema, dada, maana huko chini sina hakika kama heshima itatosha. Kifua chako kinaendeleaje? Naomba Mungu goti la mama liwe limepata nafuu tangu mvua zikatike, na shemeji awe amerudi salama kutoka mnadani. Mimi ni mzima, ila mbu wa bonde hili wameshanizoea. Nimeona niandike badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungecheka, kisha ungesema chaji inaisha. Barua anakuletea dereva wa lori la mchele anayekuja Bariadi. Mpe chakula, ni mtu mwema.

Habari za kazini ni hizi. Mwezi uliopita walikuja wageni wa mradi fulani kutoka mjini kutufundisha namna ya kuwaondolea watoto hofu ya hospitali. Walikaa nusu siku, na nusu ya nusu hiyo ilikuwa chai. Wakatuonyesha maneno ya Kiingereza ukutani, halafu wakachora twiga aliyevaa koti la daktari. Twiga mwenyewe wamemchora kwenye stoo ya dawa, kwa sababu ndiyo yenye ukuta mzuri na picha zao zingetoka safi. Hakuna mtoto aliyewahi kumwona. Namwona mimi, kila asubuhi nikienda kuchukua dawa, na sijawahi kumwangalia mnyama kwa dharau namna hiyo.

Mfawidhi wetu, mkuu wa zahanati, alipewa cheti, akakitundika juu ya meza yake. Ni tabibu wa makamo, mtu wa hapahapa bondeni, mkono wake mwepesi na moyo wake mzito. Namna yake ya kumtuliza mtoto ni moja tu: "Baba shika miguu, mama shika mikono." Mtoto akilia, husema kulia si ugonjwa. Cheti hakikubadilisha hata neno moja hapo.

Sasa wiki tatu zilizopita akaja mfugaji mmoja, Masanja, Msukuma mwenzetu aliyehamia huku na ng'ombe zake, amempakia binti yake kwenye pikipiki. Kabula, miaka mitano. Alikuwa amejikata unyayo kwa mundu shambani, akaficha. Siku sita, dada. Alikuwa anavaa kandambili za mama yake ili kidonda kisionekane, akichechemea anasema anacheza. Baba aligundua kwa harufu. Mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye kifundo.

Masanja alimdanganya kwamba wanakuja kununua biskuti. Mtoto alipoona koti jeupe alianza kupiga kelele. Mfawidhi akatoa amri yake ya miguu na mikono, akaja na sindano ameishika juu kabisa, kama mtu anayeonyesha samaki aliyemvua. Kabula akamng'ata kidole gumba, akaponyoka mikononi mwa baba yake, akatoka mlangoni kwa mguu mmoja.

"Wafugaji hawa," mfawidhi alisema huku akinyonya kidole. "Ndama wanawafundisha adabu, watoto hawawafundishi."

Masanja aliinamisha kichwa. Mimi nilimwangalia mfawidhi na cheti chake, nikatoka kumtafuta mtoto.

Nyuma ya zahanati ni mpunga mtupu, umemzidi mtoto kimo. Tulimtafuta mpaka jua likawa la utosi. Nilikuwa nawaza mfereji ulio mle ndani, nawaza pepopunda, nawaza nyoka. Nilimkuta ukingoni mwa mfereji, mguu ameuzamisha kwenye maji machafu ili upoe. Nilivua viatu, nikakaa hatua mbili kutoka kwake. Nikamsemesha Kisukuma.

"Ng'wanone, mwanangu, mguu unauma?"

Alikuwa anaangalia mifuko yangu. Nikaigeuza nje yote akaona haina kitu.

"Umekuja kunikata mguu?" akauliza.

"Nani kakwambia unakatwa mguu?"

"Bibi. Kasema ukimwonyesha daktari kidonda, anakata mguu anatia kwenye ndoo. Na nikikataa kula kasema ataniita daktari."

"Sikukati mguu. Na ndoo tuliyonayo ni ya kupigia deki."

Akafikiri. "Na sindano?"

Dada, nakiri kwamba hapo nilikuwa na uongo tayari mdomoni. Sote tunao, tumelelewa nao: haiumi, ni dawa tu, funga macho. Lakini yule mtoto alikuwa ameshadanganywa na bibi kwa kumtisha na baba kwa kumbembeleza, na uongo wa wote wawili ulikuwa umekaa pale mguuni unatoa usaha. Nikashindwa kuongeza wa tatu.

"Sindano zipo mbili," nikasema. "Zinauma."

"Kama nini?"

"Kama siafu. Siyo mmoja. Watatu, kwa pamoja. Halafu wanaondoka."

Akahesabu vidole vitatu. Kisha akasema, "Siafu watatu siyo wengi."

"Ukitaka kulia, lia. Ukisema simama, nitasimama. Mguu tu usiuvute."

Nilimbeba mgongoni. Mfawidhi alitaka kumaliza yeye. Nikamwambia huyu ni wangu, akaegemea mlango na kutazama kama yuko sinema. Kabula alisema "simama" mara nne wakati naosha kidonda, na mara zote nne nilisimama. Mara ya nne mfawidhi akacheka.

"Siku hizi mgonjwa ndiye anayetoa amri," alisema. "Mimi ningekuwa nimeshamaliza."

"Wewe ulishamaliza asubuhi," nikamjibu, "mtoto akaishia mferejini."

Akaondoka. Nikachoma, nikafungua jipu, nikafunga. Alilia mpaka sauti ikakauka, lakini mguu hakuuvuta. Nilipomaliza akafuta pua, akaniangalia kwa hasira.

"Ulisema watatu. Walikuwa wanne."

Nikamwomba radhi. Nadhani ndiyo mara ya kwanza mtu mzima kumwomba radhi, maana alimgeukia baba yake kuona kama amesikia.

Amekuja kufungwa kidonda siku kumi na mbili. Siku ya tatu alishuka mwenyewe kwenye pikipiki. Mguu umepona, amebaki na kovu anawaonyesha wenzake. Mfawidhi hajabadilika hata chembe. Anasema ninapoteza muda wa serikali. Ila mtoto akianza kulia barazani, huyohuyo anachungulia mlangoni kwangu na kusema, "Sista, mtu wako huyo."

Basi, dada, nije kwako. Jumapili ulipompa Pendo wangu simu, nilimwambia mimi mama yake ninakuja likizo. Akauliza, "Unakuja na sindano?" Nikasikia simu inaanguka, miguu inakimbia, na wewe unacheka. Ukaichukua ukaniambia, "Huyu nikitaka ale au alale namwambia namwita mama yake aje amchome. Dawa yake hiyo."

Nilikaa na simu sikioni baada ya wewe kukata. Mwanangu ana miaka minne, ninamwona mara moja kwa mwaka, na katika siku zote nilizokosekana wewe umenifanya zimwi la kumlalisha. Una shule kuliko mimi. Bibi wa Kabula hakuwahi kuiona hospitali kwa ndani. Wewe umejifungulia hospitali mara tatu. Yeye namsamehe. Wewe nakuona mvivu tu, mtu anayeshindwa kumnyamazisha mtoto kwa akili yake mpaka aazime ukali wa mwenzake. Na mimi nijidharau kidogo pia, maana mwaka jana uliponieleza mchezo huo mara ya kwanza, nilicheka pamoja na wewe.

Sikuombi. Acha leo. Asipokula, njaa itamfundisha. Asipolala, kaa naye. Siku akiugua kweli akaficha kwa sababu yako, sitakuja huko na barua.

Msalimie mama, mwambie dawa ya goti ni asubuhi na jioni, siyo akikumbuka. Msalimie shemeji, na mwalimu wetu wa kwaya, na mama mkwe wako ambaye najua atakutaka uisome barua hii kwa sauti. Wanao wote wapate salamu za mama mdogo.

Pendo nimemwekea salamu zake mwisho. Usimwambie kwamba mama hachomi watu. Nachoma, kila siku ya Mungu. Mwambie nachoma watoto wa watu, na kesho yake wananisalimia sokoni.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na leo nimekukasirikia,

Limi