Mama, Niliwaambia Nilifanya Kazi

Mama yangu,

Ukipokea barua ndefu kutoka Unguja ulikuwa unaanza ukurasa wa mwisho, ujue kwanza nani amekufa, kisha ndipo unarudi mwanzo umetulia. Basi nakutangulizia. Hajafa mtu. Baba mzima, kifua kinamsumbua asubuhi tu. Mimi mzima. Nimeachishwa kazi ya skuli, na posho ya wasio na kazi nayo imesimamishwa, na hilo la pili nimelitaka mwenyewe. Sasa unaweza kusoma pole pole.

Tangu uondoke nyumba ina ukimya nisioujua. Hukuwa mtu wa maneno mengi, ila ulikuwa na desturi ya kujisemea ukipika. Unaihimiza sufuria ichemke, unaukemea mchele wa huku kwa kunata, na yote kwa Kiswahili, ili kisikuotee kutu mdomoni. Mimi na Baba siku hizi tunasema Kikantoni cha huku tukiwa na haraka. Kiswahili tumekiweka kwa mambo yako. Nikimsikia Baba ameanza Kiswahili, najua anakufikiria.

Wale vijana wa Unguja wanaonunua vitambaa, waliokuswalia siku ya maziko, walikuja tena. Walipanda ngazi zote na kopo la halua. Mmoja akasema, "Mzee, na sisi sasa Guangzhou tutakula wapi?" Baba alicheka mpaka akakohoa, halafu akaenda kunawa uso na akakaa huko kwa muda.

Skuli yenyewe iliisha hivi. Mwenye darasa alirudi kutoka likizo ya uzazi, mkuu akanishukuru mbele ya walimu wote, akanipa chupa ya chai yenye maua mekundu, na kesho yake sikuwa na pa kwenda. Miaka miwili ya Kiingereza katika darasa hili na lile, madaftari, homa za watoto, ikaingia kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Nilirudi nyumbani kwa miguu. Njiani nilikuwa nawaza: hivi ndivyo alivyokuwa anarudi Mama.

Kwa sababu wewe ulikuwa na wanafunzi wa kuazima maisha yako yote. Mwalimu akienda kujifungua unaitwa, akirudi unamrudishia darasa lake, limetulia, linajua jedwali la kuzidisha, na wewe unakunja kanga yako unaondoka. Nakumbuka tukipita Darajani wanaume wazima wanakuamkia, "Shikamoo, mwalimu," nawe unaitikia kwa furaha, halafu hatua chache mbele unaniinamia na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu nilimsomesha nini?" Ulikuwa unawapata wakiwa nusu njia na kuwaacha nusu njia. Ningekuwa mimi ningeumia. Wewe ulikuwa unacheka.

Na msimu wa mitihani! Nyumba yetu ya Kikwajuni ilibadilika harufu. Asubuhi ya siku ya kusimamia mtihani hukufukiza udi, hukutia asumini kichwani, na bangili zako zote ulizivua ukanivisha mimi mpaka karibu na kiwiko. Viatu vilikuwa malapa ya mpira, yasiyolia. Niliwahi kukuuliza kwa nini, nawe ukasema mtoto anayetafuta jibu hata pua yake inatafuta pa kukimbilia. Siku nzima nilikuwa natembea na bangili zako, najiona mtu mkubwa, nasikiliza zinavyogongana. Ukirudi jioni ulikuwa unanuka chaki tu. Nilipenda harufu hiyo kuliko udi, na sikukuambia.

Niliyakumbuka hayo yote mwaka huu, nikiwa kwenye foleni ya ofisi ya mtaa.

Mambo ya posho yako hivi. Kwa kuwa asili ya Baba ni huku, na alituandikisha kwa nduguze tulipohamia, mimi nahesabiwa mtu wa hapa, na mtu wa hapa aliyeachishwa kazi hupewa posho. Kila mwezi unakwenda, unaulizwa kama umefanya kazi, unasema hapana, unatia sahihi. Ukisema ndiyo, hata ikiwa ni siku moja, posho inasimama, na kuiomba tena ni kuanza upya na kungoja mpaka vuli. Kwa posho hiyo tulikuwa tunalipa nyumba na kununua dawa ya kifua ya Baba. Hatukuwa na kingine.

Anayekaa dirishani ni Bi Mo. Unamjua, yule aliyekuwa akikuuliza kila mkikutana kama Afrika kuna embe, mpaka siku moja ukamwambia embe zote za dunia zilizaliwa nyuma ya nyumba yenu, na yeye akaamini.

Basi mwenzangu Mei, aliyekuwa naye mwalimu wa muda skuli ileile, alikuja kuniambia kuna kituo cha mtihani wa kuingia sekondari ya juu, upande wa pili wa wilaya, kinatafuta watu wa siku tatu. Kubeba bahasha, kupiga kengele, kusindikiza watoto msalani. Nikamuuliza, na posho? Mei akanitazama kama mtoto mdogo. "Wanalipa mkononi," akasema. "Ukiulizwa, ulikuwa umelala nyumbani."

Nilikwenda. Sitakudanganya kwamba ni kwa sababu ya fedha. Nilitaka kuwa upande wa ndani wa lango.

Asubuhi ile sikujipaka kitu. Nilivaa viatu vya kitambaa. Baba aliniona natoka hivyo, mkono mtupu, bila harufu, akasimama na kikombe chake mkononi. Nadhani alikuona wewe.

Siku ya kwanza nilipiga kengele. Siku ya pili mvua ilinyesha tangu alfajiri, na msichana mmoja, Wing, aliteleza kwenye ngazi kabla ya mtihani wa asubuhi akavunjika mkono wa kulia. Walimpeleka kufungwa plasta, na mchana akarudi, rangi imemtoka, anataka kuendelea na hesabu. Ruhusa ikapatikana mtu amwandikie. Lakini nani? Walimu wake hawaruhusiwi, maana wanamjua. Walimu wa hesabu hawaruhusiwi. Wakageuka wote wakanitazama mimi. Nilikuwa sijulikani na mtu, si mwalimu wa mtoto yeyote pale, na kwa mara ya kwanza hiyo ikawa sifa.

Tulikaa katika chumba cha kuwekea ramani, mimi, yeye, na msimamizi mmoja mlangoni. Sharti lilikuwa moja: andika anachosema, usiongeze, usipunguze. Wing alikuwa anasema taratibu, macho kwenye karatasi, nami naandika. Mwanzo ilikuwa rahisi. Kisha katika swali refu akasahau alama ya kutoa. Nililiona kosa likitoka mdomoni mwake. Mkono wangu ulisita, Mama, kitambo kidogo sana, na yeye akahisi. Akainua kichwa, akanikazia macho.

"Laoshi," akasema, ndivyo wanavyowaita walimu huku, "nimekosea?"

Unajua nilichokumbuka? Hukuwahi kunifundisha kazi hii kwa makusudi. Ulikuwa unamweleza Baba, mko barazani, mimi nachambua mchele. Ulisema mtoto wa mtihani anausoma uso wa mwalimu kabla ya kulisoma swali. Mnyime uso, ulisema. Siyo kwa ukali. Mwachie nafasi peke yake.

Nikatazama dirishani. Ng'ambo ya uwanja mtu alikuwa ametundika shuka na kuisahau mvuani. Nikamwambia, "Naandika unachosema."

Akashusha macho kwenye karatasi. Nilimsikia anapumua. Halafu akasema, "Rudi mstari wa pili," na akaitaja alama mwenyewe, nami nikaiandika, na sijui kama niliwahi kuandika kitu kwa furaha kama ile. Lakini baadaye, swali la mwisho, alikosea tena, na safari ile hakuona. Alisoma jibu lake mara mbili akasema limetosha. Nililiandika kosa lake kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote.

Alipoondoka aliniuliza kama mkono wangu haujachoka. Yeye, na plasta yake.

Mwisho wa mwezi nilikwenda ofisi ya mtaa. Sikuwa nimeamua kitu. Nilikuwa hata nimeshatayarisha uso wa kusema hapana. Bi Mo alianza kama kawaida yake, kwamba nimekonda, kwamba msichana mwenye kisomo kama changu anaachwaje bila mume, kwamba joto la mwaka huu litamuua. Huku ameshika kalamu mahali pa hapana akaniuliza kama nimefanya kazi mwezi ule.

"Ndiyo," nikasema. "Siku tatu. Kituo cha mtihani."

Akaiweka kalamu chini. "Nani kakuuliza?"

"Wewe."

"Mimi namuuliza kila mtu. Hakuna anayejibu."

Mzee wa nyuma yangu kwenye foleni akacheka. Bi Mo akamtupia jicho, akaniinamia dirishani, akasema kwa sauti ya chini, na kwa wema kabisa, maana yeye si mtu mbaya: "Sikiliza, binti. Ulikuwa unasaidia. Kusaidia si kazi. Naandika ulikuwa unasaidia, posho inaendelea, unamnunulia baba yako dawa, tunaonana mwezi ujao."

Hapo ndipo uliponijia, Mama. Ulinijia kama ulivyokuwa siku ile, mwaka tuliohama, ulipokwenda Wizara ya Elimu kuomba uthibitisho wa miaka yako ya kusomesha, ili huku uweze kutafuta kazi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ulirudi, ukavua buibui, Baba akakuuliza wamesemaje. Ukasema hawana jina lako, maana ulikuwa wa muda. Halafu ukasema, "Na kweli, mimi nilikuwa nasaidia tu," ukavuta ungo ukaanza kumenya mihogo. Na tangu siku hiyo, kila jirani wa huku aliyekuuliza Afrika ulifanya kazi gani, jibu lako lilikuwa hilohilo. Nilikuwa nasaidia. Mimi ndiye niliyekuwa nakutafsiria. Mdomo wangu ndio uliolisema neno hilo kwa Kikantoni, tena na tena, mpaka kila mtu wa ngazi yetu akalijua.

Nikamwambia Bi Mo, "Sikuwa nasaidia. Nilifanya kazi. Andika mwalimu."

Alinitazama sana. Aliandika. Alipiga muhuri kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, akaniuliza ukaidi huu nimeurithi kwa Baba au kwako, kisha akamwita mzee wa nyuma yangu.

Nilimwambia Baba jioni ile ile. Alikuwa anakunywa chai. Alisema kwa Kiswahili, "Kiburi hicho umekitoa wapi? Mama yako hakuwa nacho." Nikangoja anigombeze. Alimaliza chai yake yote, mpaka majani, ndipo akasema, "Ningependa angekuwa nacho kidogo."

Sasa niko mtaa wa Kangle, kwenye karakana ya nguo, nakata nyuzi. Mashati yanashuka kutoka kwenye mashine yana mikia ya uzi kila mshono, kazi yangu ni kuiondoa. Wanawake wa meza yangu wametoka vijijini mbali na wananicheka kwa sababu nakata kama ninayesahihisha daftari. Bosi wetu mwanamke hajui niliwahi kusomesha. Dawa ya Baba inapatikana. Mwenye nyumba amekubali kuvumilia, kwa kununa. Chakula cha jioni kimekuwa kidogo na Baba anajifanya hana njaa.

Kuna siku naona nimefanya upumbavu. Namtazama Baba anavyokohoa na kujiuliza kama nililisema lile kwa ajili yako au kwa ajili yangu, na kama mtu ana haki ya kumlipisha mzee mgonjwa gharama ya neno moja. Ninachojua ni kwamba nikirudi kwenye dirisha lile nitalisema tena.

Kwa heri, Mama. Mungu akupe huko makao ya kudumu, yasiyo na mwenyewe wa kurudi kuyadai.

Na hili nakuahidi. Wewe kila mwanzo wa muhula ulikuwa unakaa karibu na mlango umeshavaa, unangoja mtoto wa skuli atumwe kukuita, na siku zisizokuwa na mtu wa kukuita ulikuwa unavua nguo zile nzuri saa nne, kimya, na kuzikunja. Mimi sitangoja. Skuli zikifunguliwa nitakwenda mwenyewe, lango baada ya lango, nitataja jina langu na kazi yangu kabla hawajaniuliza. Na wakitaka kujua nilijifunza kwa nani, nitawaambia kwa Bi Mwanaisha wa Kikwajuni, mwalimu.

Mwanao,
Salma