Mchanga Safi Uani kwa Mama

Nyumbani kwa mama,
Jumapili, mvua imekatika kidogo.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Kifua kimepoa? Shemeji na mapacha hawajambo? Huku tu wazima, ila mimi usingizi umenipaa. Mama hajambo, na mdomo wake ndio hajambo kabisa.

Ulizoea kunitania kwamba nilisoma miaka yote ile ili nikachezee matope. Haya, leo Bibi Matope ana neno, na tafadhali usicheke.

Fundi alikuja kuchimba shimo la choo kipya nyuma ya jiko. Alipofika usawa wa kifua akapiga kelele: mchanga! Mchanga safi wa kujengea, wa bure, uani kwetu! Mama akapiga vigelegele. Wakautoa, wakauchanganya na saruji, wakapiga lipu chumba chake kizima. Nilipokuja likizo nikapokelewa na habari hiyo, nikashuka shimoni kutazama. Kaka, sikutoka humo mpaka jioni.

Unajua kazi yetu: tunasoma udongo uliofukiwa, tujue mvua za kale zilinyeshaje na mito ilipita wapi. Chini kabisa kuna udongo mweusi wenye vitundu vya mizizi. Hapo nchi ilikauka, majani yakaota. Juu yake mchanga na kokoto laini, na kokoto hazijisugui zenyewe, ni mto. Kisha udongo mweusi tena, kisha mchanga tena. Mto ulipita hapa, ukaondoka, ukarudi. Na kwenye udongo mweusi wa juu nimekuta mkaa na mafiga matatu, yamekaa vilevile yalivyopangwa. Watu walikuwa wanapika, kaka. Sijui kama waliwahi kukimbia mto uliporudi.

Naogopa, sikufichi. Mwaka huu mto unakula ukingo wa upande wetu, na juzi maji yalifika barabarani. Nilimpelekea mkuu wangu wa maabara picha za shimo. Alijibu neno moja: hameni.

Mama hasikii. Ati tangu aolewe mto haujavuka barabara, na mimi shimo moja tu limenitia kiwewe. Nikambembeleza aje kwangu, wapi! Nilipombana sana ndipo akasema polepole, "Mwanangu wa kwanza aliniambia nisihame, atanikuta hapa hapa. Akirudi asinikute, je?"

Maneno hayo uliyasema wewe kwa mapenzi pale mlangoni, siku unaondoka. Lakini ndiyo yanayomfunga, na mimi siwezi kuyafungua. Nimekuandikia kwa sababu kwenye simu anasikia kila kitu, na nikianza tu nitalia. Mpigie wewe. Mwambie utamkuta popote atakapokuwa.

Msalimie shemeji, wabusu mapacha, na binamu kinyozi mwambie namkumbuka. Mungu awafunike huko, na sisi atushikilie mpaka simu yako iite.

Kule mto unakotoka mbingu imefunga, nyeusi tii. Mama yuko chumbani anaupaka rangi ukuta ule, ati upendeze siku wewe utakapokuja.

Mdogo wako akupendaye na kukutegemea,
Bibi Matope