Mikungu Miwili kwa Debe la Maharage

Shikamoo mama mshauri. Naomba unisaidie maana moyo umenielemea, mimi ni Eustadia wa Igurwa, mjane wa watoto wawili mwenye shamba la migomba tu, na jirani yangu Nyirabahire, ambaye wazazi wake walitoka Rwanda, hana hata mgomba mmoja ila maharage yake hustawi kuliko ya kijiji kizima, basi miaka mitatu tumebadilishana, mimi nampa mikungu miwili, yeye ananipa debe la maharage, watoto wetu wanakula katogo ya ndizi na maharage na sisi tunacheka. Mwezi uliopita shemeji yangu Elpidius akaniambia, "Unapunjwa! Sokoni Nkwenda mkungu mmoja unapata debe zima." Nami kwa ujinga wangu nikamwambia Nyirabahire kuanzia leo ni mmoja. Akaniangalia, akasema, "Sawa, dada," akajitwisha debe lake akarudi nalo. Tangu hapo ndizi zangu zinaivia shambani zinaliwa na ndege, maharage yake nasikia yanabunguliwa, watoto wangu wanakula ndizi tupu kwa chumvi, naye tukikutana kisimani ananisalimia kama mgeni, na huyu ndiye aliyenizalisha kitinda mimba wangu siku ya mvua kubwa. Nifanyeje?

Eustadia, Igurwa, 1986

Marahaba mwanangu. Pole sana, lakini acha nikugombeze kidogo. Miaka mitatu ulishiba, nani kakuambia umepunjwa? Bei ya Nkwenda ni ya watu wa Nkwenda. Ninyi mko wawili. Wewe ulitoa ndizi zilizokuzidi, yeye maharage yaliyomzidi, kila mmoja akarudi kwake na nafuu. Leo ndizi zinaoza huku, maharage yanaharibika kule. Kuna mabadilishano yangewafaa nyote na hamyafanyi. Hiyo ndiyo hasara, si ule mkungu wa pili!

Mwombe radhi kabla hujataja debe. Kisha muulize, "Nikikuongezea mkungu, utaniongezea vibaba vingapi?" Mkifurahi wote, ongezeni. Endeleeni hivyo mpaka mfike mahali ambapo mmoja hawezi kuongezewa bila mwenzake kuumia. Hapo simameni. Nani kapata kingi zaidi, msihesabu.

Sasa funga gazeti hili, chukua panga, ukate mikungu miwili, uende.