Kitambaa cha Kufungia Nywele

Baba Mdogo,

Shikamoo. Itikia hukohuko uliko, maana nina neno la kukuungamia na sitaki nilianze bila salamu. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Wapo vijana wenzangu wanaoanza kazi hii ya kusoma picha za ndani ya watu, kila mmoja na kompyuta yake na cheti kipya ukutani, na ningependa wasome yaliyonipata kabla hayajawapata wao.

Unakumbuka nilivyoanguka kwenye mbuni? Nilikuwa na miaka minane, nimepanda kuchuma kahawa ambayo hakuna aliyenituma kuichuma, kwenye mti ambao hata mbuzi angeshuka salama. Nikavunjika mkono. Wewe ndiye uliyekuwa mpiga eksirei wa hospitali yetu ya mlimani. Ukanipiga picha, ukajifungia kwenye chumba chako cha giza, ukatoka na filamu inayodondosha maji, ukaiinua dirishani. Nikaona mifupa yangu, myeupe, ya vidole vyote mpaka ile midogo ya kiganjani iliyopangana kama mawe ya mtoni. Nikasahau kulia. Nikakuuliza kama yule ni mimi.

"Ni wewe," ulisema, "ila bila maringo."

Ule mshangao haujaniisha mpaka leo. Watu wanadhani ukisoma picha elfu na elfu unazoea. Mimi sijazoea. Mara ya kwanza kushika kipimo cha altrasaundi peke yangu, niliona moyo wa kiumbe kisichozidi punje ya harage unapiga, unapiga, na mama yake amelala pale anaongea habari za mbolea, hajui kwamba ndani yake kuna mtu ameshaanza kazi. Nilitaka kupiga magoti. Nikajikaza, kwa kuwa daktari hapigi magoti mbele ya mashine.

Ila wewe ulikuwa na mambo yako ambayo niliyacheka. Nyuma ya mlango wako, kwenye msumari, kulikuwa na kipande cha kitenge cha kijani kilichopauka. Mwanamke yeyote aliyekuja kupigwa picha ya kifua ulimpa, ukamgeukia mgongo, ukamngoja afunge nywele zote juu ya kichwa. Mwenye rozari ulimwomba aivue. Wengi walikataa, tunawajua mama zetu wa huku milimani. Basi ulinyoosha mkono, ukasema taratibu, "Nakushikia." Ukaenda nayo nyuma ya ukuta, ukaishika mkononi mpaka picha imalizike. Hakuna aliyekukatalia mara ya pili.

Nilikuuliza siku moja kama wewe ni mpiga picha au msusi. Hukukasirika. Ulisema, "Mashine haijui kwamba nywele ni nywele." Nilicheka. Nilipokuwa Dar es Salaam nasomea ubingwa ulinipigia simu, ukauliza kama na huko wanafunga nywele. Nikakujibu kwa majivuno kwamba huku ni kompyuta tupu, Baba Mdogo, mambo ya vitambaa yamepitwa na wakati. Ukanitakia masomo mema. Ile ndiyo simu yetu ya mwisho. Baada ya matanga Mama Mdogo alinikabidhi kile kitenge kimekunjwa vizuri, nami nikakitia kwenye mfuko wa kompyuta yangu kwa heshima yako tu, si kwa kukihitaji.

Sasa sikia kosa langu.

Mwaka wangu wa kwanza baada ya kuhitimu ubingwa nilipangiwa kusoma picha zinazotumwa kwa mtandao kutoka vituo vya mbali. Picha inapigwa kule ziwani, mimi naisoma mjini, juu ya kiti kinachozunguka. Ikaja picha ya mama mmoja anayebanika samaki. Nitamwita Mama Bahati, si jina lake. Alikuwa na kikohozi. Juu ya pafu la kulia niliona mistari mizito ya ukungu, nikaandika bila kusita kwamba inaelekea kuwa kifua kikuu. Nilijiona hodari, Baba Mdogo. Nilitumia dakika tatu.

Makohozi yake yalipopimwa hayakuonyesha kitu, lakini bingwa alikuwa ameshasema, na neno la bingwa ni zito. Akaanzishiwa dawa. Nyumbani wakamtengea kikombe na sahani, wakamhamishia jiko la uani. Mtoto wake wa mwaka mmoja, aliyekuwa bado ananyonya, akapelekwa kijiji cha Ukata, huko milimani, kwa shangazi yake. Haya yote sikuyajua. Mimi nilikuwa nimeshafungua picha nyingine.

Wiki sita baadaye nilitumwa kukitembelea kile kituo. Gari lilipotoka Mbinga, likaacha miteremko yenye ngolo, yale mashimo ya kulimia mahindi, na kuanza kushuka, ziwa likafunguka lote kwa mara moja, na ng'ambo ile milima ya Malawi. Nilimwomba dereva asimame. Nilisimama pale nikamshukuru Mungu kwa kunipa macho. Ningejua yanayonisubiri bondeni nisingejisifia macho.

Kituoni, kwenye benchi la wanaokuja kuchukua dawa, alikaa mama mmoja mwembamba. Alinisalimia, akainama kuokota kadi yake, na rasta zake nene zikaangukia bega la kulia. Rasta za zamani, nywele zimeshaota chini yake. Alipoona nazitazama aliona haya, akaeleza kwamba alisukwa siku moja kabla ya kupigwa picha, na tangu atengwe hakuna aliyekubali kukaa naye karibu amfumue.

Jina kwenye kadi lilikuwa la yule mama anayebanika samaki. Niliingia ndani, nikaifungua picha yake upya. Mistari yangu ya ukungu ilikuwa haiishii kwenye pafu. Ilipita juu ya mtulinga, ikaendelea mpaka kwenye nyama ya shingo, mahali ambapo hakuna pafu la mtu yeyote. Ilikuwepo siku zote. Mtoto wa miaka minane dirishani kwako angeiona.

Ningeweza kuomba picha nyingine bila kueleza. Sikufichi, wazo hilo lilinijia, na lilikuwa na sura nzuri. Nikatoka nalo mpaka mlangoni, nikaliacha hapo. Nilikaa kwenye benchi kando yake nikamwambia kwamba mimi ndiye niliyesoma picha yake, na naamini nilisoma nywele zake nikaziita ugonjwa. Aliikunja kadi yake ya dawa mara mbili. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo mwanangu anaweza kurudi?"

Nikamwambia tupige picha tena kwanza. Nikatoa kitenge chako, nikamgeukia mgongo, akafunga nywele zote juu. Ilibaki rozari shingoni, naye akaishika kwa mikono miwili. Nikajikuta nimenyoosha mkono na kusema, "Nakushikia." Ilikuwa na joto lake bado. Nyuma ya ukuta niliibana kiganjani, mtaalamu wa pale akamwambia avute pumzi, aibane, apumue.

Picha ikatokea. Mapafu mawili meusi, safi mpaka kileleni. Nimeona mapafu mengi mazuri, lakini yale niliyatazama mara mbili. Mama Bahati alisogea kwenye kioo, akauliza ule weusi ni nini. Nikamwambia ni hewa yake. Aligusa kioo kwa kidole. Daktari wa kituo na mimi tukakaa chini na majibu yake yote, tukakubaliana dawa zisimame, na kikohozi chake kikatajwa kwa jina lake, moshi wa kubanikia samaki. Niliandika ripoti mpya, na ndani yake nikaandika kwamba ile ya kwanza ilikuwa na kosa, na kosa lilikuwa langu.

Wakati wa kurudi nilimpakia. Njia nzima sikudai msamaha ambao hakuwa ametoa. Tulipofika Ukata shangazi mtu alikuwa uani anaanika mahindi, na mtoto ameshika kanga yake. Mama Bahati akachuchumaa, akamwita. Mtoto akamtazama, akajificha. Akamwita tena. Mtoto akaangua kilio, uso wote ndani ya kanga. Wiki sita, Baba Mdogo. Nilizihesabu zote pale, moja moja.

Ndipo yule mama akapandisha mikono, akafungua kitenge chako. Rasta zikamwangukia bega la kulia. Mtoto akachungulia. Akanyamaza. Akaja kwa miguu ile isiyozoea kutembea, akazikamata kwa ngumi mbili, akazivuta kwa nguvu mpaka kichwa cha mama yake kikainama, akauangalia uso ulio chini yake. Kisha akacheka.

Mama Bahati alinirudishia kitambaa kabla sijapanda gari. Alisema nisikipoteze. Hayo ndiyo maneno yake ya kuniaga, na nimeyapokea yalivyo.

Nilitaka kuacha kazi. Siachi. Kila kituo ninachokisomea sasa kina kitambaa nyuma ya mlango, na picha ikija bila kuonyesha kwamba nywele zilifungwa, nakipigia simu kituo. Nasoma polepole. Bado nashangaa, ila siku hizi namshangaa kwanza mtu, ndipo picha.

Lala salama, Baba Mdogo. Chako nimekitundika kwenye msumari.

Mwanao,
msusi kama wewe.